Moyo wangu unaruka, wa mama umetulia: nani kati yetu yuko hatarini?

Swali, kwa ufupi, ni hili. Mwandishi wa barua ni mwanamke wa miaka 34 anayeishi Tanga. Kwa miezi mitano sasa moyo wake "unaruka": anahisi kama umesimama, kisha unapiga teke moja kubwa kifuani, hasa usiku akishalala. Amepimwa umeme wa moyo mara mbili, karatasi zote mbili zikaonyesha hali ya kawaida, na akashauriwa apunguze mawazo. Mama yake, mwenye miaka 61, aliambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba valvu ya moyo wake, yaani mlango wa kupitishia damu, imebana na mapigo hayana mpangilio, akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tangu mwezi wa Ramadhani ameiacha dawa hiyo, kwa sababu hajisikii vibaya, kwa sababu fizi zilimtoka damu, na kwa sababu jirani amemwambia kuwa ni sumu ya panya. Siku hizi anatafuna vitunguu saumu kila asubuhi. Msomaji anauliza kama amerithi ugonjwa wa mama yake, na kama anaweza kuanguka ghafla akafa.

Dada yangu, barua yako ina kurasa mbili, na mama amepata mistari minne tu. Jibu langu litakwenda kinyume cha hapo. Kwa maelezo uliyoyatoa, wewe unayehisi kila kitu una uwezekano mkubwa wa kuwa salama, na mama asiyehisi chochote ndiye aliyenifanya nikujibu leo badala ya wiki ijayo. "Mapigo yasiyo na mpangilio" ni jina moja lililobebeshwa hali nyingi, nyingine za kuudhi tu na nyingine za kuua, na fujo inayosikika kifuani haipimi ukubwa wa hatari.

Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huanza kwa cheche ndogo ya umeme kwenye fundo la chembe lililo juu ya chumba cha juu cha kulia. Kutoka hapo umeme husambaa kwenye vyumba viwili vya juu, navyo hujiminya na kusukuma damu kuelekea chini; kisha hufika kwenye fundo la pili lililo katikati ya moyo, ambalo huuchelewesha kidogo ili vyumba vya chini vijae kwanza, ndipo huuachia ushuke na vyumba vya chini vijiminye kupeleka damu mapafuni na mwilini. Matatizo ya mapigo hutokea pale cheche inapotoka mahali pasipo pake, umeme unapozunguka kwenye njia moja bila kutoka, au unapokwama njiani.

Mgonjwa anaponiambia kuwa moyo unaruka, humwomba anigongee mezani kwa kidole jinsi anavyousikia. Mezani hakuna anayeweza kupamba maneno. Wengi wa umri wako hugonga hivi: tu, tu, tu, tu-tu, kimya, TU. Hilo la tano lililogandana na la nne ni pigo lililotangulia wakati wake, limetoka kwenye chembe nyingine iliyokosa subira. Kwa kuwa limekuja mapema, limekuta vyumba vya chini bado havijajaa, kwa hiyo limesukuma damu kidogo sana na wewe hukulihisi. Kisha moyo ukatua kidogo kusubiri cheche ya kawaida, na katika kutua huko ukajaa kuliko desturi, ndiyo maana pigo lililofuata likakupiga teke. Kwa hiyo moyo haukusimama. Ulichokihisi ni nafasi baada ya pigo la haraka, na teke lile lilikuwa pigo la kawaida lililobeba mzigo mkubwa zaidi. Usiku huonekana kuzidi kwa sababu moyo unapopiga polepole nafasi za mapigo hayo hupatikana kirahisi, nyumba imekuwa kimya, na anayelalia ubavu wa kushoto huusogeza moyo karibu na ukuta wa kifua.

Mapigo ya namna hii huwapata pia watu wenye afya kamili, wengi wao bila kujua. Ila sikubaliani na neno "mawazo" kutolewa kama jibu la mwisho. Mawazo yanaweza kuyaongeza mapigo hayo, lakini damu pungufu kwa mwanamke anayepata hedhi nzito nayo inaweza, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi inaweza, na madini ya potasiamu yakishuka baada ya kuharisha au kwa dawa za kukojoza, moyo huwa mwepesi kutoa cheche za ovyo. Kahawa chungu, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, sigara na pombe ni vichocheo unavyoweza kuvijaribu mwenyewe kwa kuviacha wiki mbili uone kama kuna tofauti.

Kuhusu zile karatasi mbili, kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hunasa takriban sekunde 10 tu, na siku moja ina vipande 8,640 vya sekunde 10. Mwizi anayekuja usiku humkamati kwa kuchungulia dirishani mara mbili mchana. Hata hivyo karatasi hizo si za kutupwa, kwa sababu zinaonyesha umbo la umeme wakati moyo umetulia, na baadhi ya hitilafu za kuzaliwa nazo, zile zinazoweza kweli kumwangusha kijana, huacha alama zake humo hata siku ambayo mgonjwa hana dalili. Unachohitaji sasa ni kile kifaa kidogo cha Holter kinachovaliwa kiunoni kwa saa 24 au zaidi, ukiendelea na shughuli zako na kuandika saa kila unaposikia teke. Tena na ECHO, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Yapo mambo ambayo yangenifanya nibadili mtazamo wangu juu yako mara moja: kuzimia, hasa ukiwa unakimbia au unafanya kazi nzito, mbio za ghafla zinazoanza na kukoma kana kwamba mtu amebonyeza swichi, maumivu ya kifua au pumzi kuisha, na ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40 bila sababu kujulikana. Hukutaja hata moja. Kama lipo na ulilisahau, usisubiri foleni ya kliniki. Mbio za ghafla zinazofika mapigo 150 hadi 220 kwa dakika kwa kijana mara nyingi ni umeme unaozunguka kwenye njia ya ziada, nazo zina tiba ya kudumu. Na moyo unaopiga mara 30 au 35 kwa mzee anayezimia ni umeme uliokwama, ambao tiba yake ni kifaa cha kuchochea mapigo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, kazi inayofanyika hapa nchini kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Hayo nayapita haraka kwa kuwa si yenu.

Sasa mama.

Hali aliyoambiwa kuwa nayo, ambayo kwenye faili lake bila shaka imeandikwa kwa herufi AF, mimi huiita mpapatiko wa vyumba vya juu. Kuku aliyechinjwa hupapatika: mwili mzima unacheza lakini haendi popote. Ndivyo vilivyo vyumba vya juu vya moyo wa mama. Cheche 350 hadi 600 kwa dakika zinavirukia kutoka kila upande, vinatetemeka, lakini havijiminyi. Lile fundo la katikati hupitisha baadhi ya cheche hizo na kuzuia nyingine bila utaratibu wowote, na ndiyo sababu mapigo ya mkononi hayana mpangilio hata kidogo, tofauti na yako ambayo yana mwendo wake na kuukosa mara mojamoja.

Kliniki tunalo zoezi ambalo kila mwanafunzi wa udaktari hulipenda kwa urahisi wake. Muuguzi huweka kipimio cha masikio juu ya moyo, mimi nashika kifundo cha mkono, tunatazama saa moja, na kila mtu anahesabu kimyakimya kwa dakika nzima. Mama mmoja wa makamo, aliyekaa mbele yetu akijipepea na ukingo wa khanga na kutuhakikishia kuwa hana tatizo isipokuwa ngazi za kwa binti yake, alitupa namba mbili: muuguzi 124, mimi 96. Mapigo 28 yalikuwa yamepotea kati ya kifua na mkono. Moyo ulikuwa umeyapiga, lakini ulikuta vyumba havina kitu, kwa hiyo hakuna damu iliyofika kwenye kifundo. Mashine za kupimia presha zinazoonyesha mapigo kwenye kioo nazo hukosea kwa wagonjwa wa namna hii, na ndiyo sababu nawasihi ndugu wasiziamini peke yake.

Hatari ya kwanza ya mpapatiko ni mwendo. Valvu ya mama imebana, kwa hiyo damu inahitaji muda kupita, kama watu wanaotoka ukumbini kwa mlango mmoja. Moyo unapokwenda mbio, muda wa mlango kuwa wazi hupungua, damu hurundikana nyuma hadi mapafuni, na mtu huanza kuhema, kulalia mito miwili au mitatu na kukohoa usiku. Kwa sababu hiyo wagonjwa hawa hupewa dawa za kupunguza mwendo, kama vile bisoprololi, atenololi au digoksini. Hukuniambia kama mama naye ameacha hizo. Muulize leo, maana watu wakikasirikia kidonge kimoja huacha mfuko mzima.

Hatari ya pili ndiyo kubwa, nayo haina dalili mpaka siku inapotokea. Kwenye chumba cha juu cha kushoto kuna kifuko kidogo kama kidole cha glavu, na chumba kikiacha kujiminya damu hutuama humo. Damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka huteremka, hupita kwenye chumba cha chini cha kushoto, na njia fupi kutoka hapo inaelekea kichwani; likiziba mshipa wa ubongo, hicho ndicho kinachoitwa kiharusi. Kwa watu wenye mpapatiko bila valvu kubana, hatari ya kiharusi huongezeka takriban mara tano. Valvu ikiwa imebana kutokana na baridi yabisi ya moyo, yaani makovu ya valvu yanayoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni, huongezeka zaidi ya hapo, maana chumba kimetanuka na damu inatuama zaidi. Kwa mgonjwa asiye na valvu iliyobana sisi hupiga hesabu ya umri, presha, kisukari na kiharusi cha zamani kabla ya kuamua kama dawa ya kuzuia damu kuganda inahitajika. Kwa mgonjwa kama mama yako hesabu hiyo haipigwi. Dawa inahitajika, na hainijalishi anajisikiaje.

Jirani hakusema uongo kuhusu panya, ila amesimulia nusu ya habari. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyooza. Mkemia Karl Paul Link na wenzake huko Wisconsin wakaitenga kemikali iliyohusika, na kutokana nayo wakatengeneza warfarini, ambayo mwaka 1948 iliingia sokoni kama sumu ya panya. Mwaka 1954 iliidhinishwa kwa matibabu ya binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa nayo baada ya mshtuko wa moyo. Kinachotofautisha sumu na tiba hapa ni kipimo, na ndiyo maana dawa hii haitolewi bila kupima damu. Chumvi ya mezani nayo ni hivyohivyo, ila haijapata jirani wa kuisema vibaya.

Kipimo chake, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinaitwa INR. Mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mama anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo kinga ni pungufu, na ikipanda sana, fizi, pua na hata tumbo huweza kuvuja damu. Kwa hiyo fizi za mama zilikuwa zinatuambia kitu, na jibu sahihi lilikuwa kupima INR, kisha kupunguza au kurekebisha dozi. Mara nyingi nikichimba nakuta dawa nyingine imeingia kati. Mgonjwa aliharisha akanunua metronidazoli, ambayo wengi wanaiita Flagyl, au alikohoa akapewa Septrin. Zote mbili huipandisha INR. Au magoti yalimsumbua akameza diklofenaki, ambayo huchubua tumbo wakati ambapo damu haiwezi kuganda upesi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha kinga ya warfarini hadi karibu na hakuna. Ndiyo sababu namwambia kila mgonjwa wangu aje kliniki na dawa zote za nyumbani kwenye mkoba mmoja, za hospitali, za duka la dawa na za mitishamba, bila aibu. Siulizi kwa ajili ya kumgombeza.

Chakula nacho kina sehemu yake, ingawa hapa watu hutishwa kupita kiasi. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, ambayo hupingana na warfarini, lakini mama hana haja ya kuvikimbia; anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki ili dozi ipangwe juu ya mlo wake halisi. Shida humpata aliyekaa mwezi mzima akila wali na samaki tu, kisha akaenda shamba na kula kisamvu siku saba mfululizo. Vitunguu saumu kwenye mchuzi havina neno, ila kutafuna punje nyingi kila asubuhi juu ya warfarini huweza kuongeza kutoka damu, na bila warfarini hakuwezi kuzuia bonge kwenye kifuko kile. Aspirini nayo, ile ndogo ambayo watu hupeana mitaani, haichukui nafasi yake. Na kuhusu Ramadhani, dawa hii hunywewa mara moja kwa siku, na jioni baada ya futari ni wakati mzuri kabisa kwake. Hakuna swaumu iliyolazimisha aiache.

Huenda mtu akakuambia kuwa zipo dawa mpya zisizohitaji kupima INR. Zipo, na kwa wagonjwa wengine wa mpapatiko ni nzuri kuliko warfarini. Lakini mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti ulioitwa INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mpapatiko unaotokana na baridi yabisi ya moyo, na waliokuwa kwenye dawa za kundi la warfarini walipatwa na madhara makubwa na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani, moja ya dawa hizo mpya. Wengi tulitarajia kinyume, mimi nikiwemo. Kwa hiyo usimnunulie mama kidonge kipya kwa kumhurumia safari za kupima damu.

Umeuliza kama umerithi. Baridi yabisi ya moyo hairithiwi kama rangi ya macho. Huanza utotoni na mafindofindo yanayoletwa na bakteria wa streptokoka, kisha kinga ya mwili, ikipambana na bakteria hao, hugeukia valvu za moyo kwa kuwa zinafanana nao. Valvu huvimba, hupona kwa makovu, na miaka 20 au 30 baadaye mtu anaambiwa zimebana. Bakteria hao hupita kwa urahisi kati ya watoto wanaolala chumba kimoja. Mama aliupata ugonjwa wake kabla hujazaliwa, lakini nawe umekulia kwenye mazingira ambayo ugonjwa huu bado upo, una miaka 34, na una dalili za moyo. Ndiyo sababu nataka ECHO: mara moja, kwa utulivu, ili kuziangalia valvu zako. Sitarajii kukuta kitu. Lakini kama una mpango wa kupata mtoto, nataka jambo hili lijulikane kabla ya ujauzito, kwa sababu mimba huongeza mzigo wa damu na mwendo wa moyo, na valvu iliyokuwa imejificha hujitokeza wakati mbaya kuliko wote.

Mpeleke mama wiki hii kliniki inayomtibu au hospitali ya rufaa ya mkoa, apimwe INR, wingi wa damu na mwendo wa moyo. Asianze mwenyewe vidonge vilivyobaki kabatini kwa dozi ya zamani, kwa sababu dozi hiyo ndiyo iliyomtoa damu na hatujui bado ilichochewa na nini. Waulize pia kama valvu yake imefikia kiwango cha kufunguliwa, kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja au kwa upasuaji. Miaka mitatu ni mingi bila kurudia ECHO. Wakati mnasubiri, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hata kwa dakika tano kisha yakarudi sawa, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na mkumbuke kuwaeleza wauguzi mlangoni kuwa ana mpapatiko na ameacha warfarini.

Ukiniandikia tena, nitumie namba tatu: INR ya mama, mapigo yake yaliyohesabiwa kifuani kwa dakika nzima, na yako ya mkononi yaliyohesabiwa usiku, kabla hujageukia ubavu wa kushoto.